Mwaka wa Mstari Mweusi

Mchungaji aliyemzika Kariuki kule Kutus alisema marehemu alikuwa mtu wa amani. Waombolezaji wote wakaitikia amina, nami nikalazimika kuinama nijifanye natafuta kitambaa mkobani. Mchungaji hakudanganya. Kariuki wa miaka ya mwisho, muuza mbegu na dawa za mimea, hangeweza kumfukuza hata paka aliyelala juu ya magunia yake. Lakini mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amesimama nyuma ya ng'ombe aliye hai, panga mkononi, mshipa wa mguu mmoja ukiwa umeshakatika na yeye akiutafuta wa pili. Mama mmoja aliyekaa karibu nami kwenye viti vya plastiki aliniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia tulifahamiana Othaya, zamani, nilipokuwa napima rangi ya udongo. Akanitazama kwa huruma, kisha akageuka kuzungumza na mtu wa upande wa pili. Simlaumu. Nimetumia nusu ya maisha yangu kueleza kwamba udongo una rangi, na nusu nyingine kuomba radhi kwa kuwa nimeeleza.

Sitasimulia nilikozaliwa wala nilivyosomeshwa. Inatosha kusema nilitoka Taita, nilikuwa na shahada mpya kabisa, suruali moja ya kazi, na imani kwamba watu hugombana kwa sababu hawajaelezwa vizuri. Ilikuwa miaka ya sabini. Kituo chetu kilikuwa Nyeri mjini, na kutoka hapo tulitawanywa vilimani kuchimba mashimo na kuandika tulichokikuta. Udongo wa Othaya ni mwekundu, lakini neno hilo halikutosha kwa wakubwa zangu. Tulipewa kitabu chenye vipande vidogo vya rangi, ukashika donge la udongo kando ya vipande hivyo hadi ukapata pacha wake, ukaandika. Kisha ukalinyunyizia donge lilelile maji, ukatafuta pacha mwingine, ukaandika tena. Kila udongo una rangi mbili, ya ukavu na ya unyevu, na anayeandika moja tu ameandika nusu. Chembe kavu huzungukwa na hewa, mwanga ukizipiga hurudi mwingi kwenye jicho lako. Zikilowa, maji huzivika utando, mwanga ukiingia humo hugongagonga kati ya chembe na chembe hadi unapotea, na kinachorudi ni kidogo. Kwa hiyo udongo uliolowa huonekana mweusi zaidi ingawa hakuna kilichobadilika ndani yake. Nilikuwa na kipimo cha mwanga cha kuthibitisha jambo hilo, kidude cha ukubwa wa sabuni, nami nilikivaa shingoni kama wenzangu walivyovaa msalaba.

Nilipanga kwa Mama Nyambura, mjane, katika chumba cha mbao kilichounganika na jikoni. Kuta zilikuwa zimebandikwa magazeti ya zamani dhidi ya baridi, na kwa kuwa ukuta wa upande wa jiko ulikuwa na nyufa, nililala ndani ya moshi na mazungumzo. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe siku nyingi, majimbi waliyoyaita nduma asubuhi, na Jumapili irio zilizopondwa hadi zikawa laini kama saruji mbichi. Nyambura mwenyewe alikuwa ameolewa mbali. Aliyebaki nyumbani ni Kimani, kijana mpole wa umri wangu, mchumaji chai, aliyecheka kabla ya kumaliza kusema kile kilichomchekesha. Juu yetu kwenye mteremko uleule, ng'ambo ya ua wa kayaba, mti wa miiba, aliishi Gathogo, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mama Nyambura, pamoja na wanawe ambao mkubwa wao alikuwa Kariuki. Kikuyu nilijifunza kwanza kupitia matusi yao. Kila asubuhi Gathogo alikuja kwenye ua na kuita, "Mke wa ndugu yangu! Umeamka kwenye shamba langu?" Naye Mama Nyambura, akikoroga uji, hakuinua hata kichwa. "Nimeamka, baba Kariuki. Na nimekojoa ndani yake pia."

Nilidhani ni utani wa mashemeji. Kimani ndiye aliyenieleza, tukiwa tunamenya viazi. Wakati ardhi ya kule ilipokuwa ikigawanywa na kuandikishwa, kabla ya uhuru, watu waliamriwa wapande ua kwenye mipaka yao, maana ndege ingepita kupiga picha na ramani zingechorwa kutokana na picha hizo. Mwenye ua alionekana, asiye na ua akawa kama hayupo. Watu walipanda kwa haraka, wengine usiku wa kuamkia ndege. Sasa Gathogo alikuwa amepata nakala ya picha ile, kubwa kama sinia, na katika picha hiyo mstari mweusi ulikata mteremko chini kabisa ya nyumba ya Mama Nyambura, karibu na bonde. Ua wa kayaba tuliouona kila siku haukuonekana kabisa. Gathogo alisema ule mstari ndio ua wa kweli, kwamba mdogo wake aliung'oa baadaye na kupanda mwingine juu, akaiba kipande chote cha katikati. "Na kwenye kipande hicho kuna nini?" nikauliza. Kimani akaacha kumenya. "Iko chai yetu yote. Iko hii jikoni. Iko wewe, umekalia."

Basi ng'ombe. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, na niliamshwa na sauti ambayo sikujua ng'ombe anaweza kuitoa, kama mlango mkubwa wa chuma unaoburutwa. Nilipotoka, Kariuki na mdogo wake walikuwa zizini kwetu. Ng'ombe alijaribu kusimama kwa mguu usiokuwa na kazi tena, akaketi kama mbwa. Mama Nyambura alinipita mbio akiwa na sufuria ya uji uliochemka, akamwagia yule mdogo kichwani na mabegani, na mayowe ya kijana yakawa makubwa kuliko ya ng'ombe. Kariuki alinyanyua panga. Nilisimama katikati yao nikiwa na gauni la kulalia na kipimo cha mwanga shingoni, nikasema kwa Kiswahili cha darasani, "Tafadhalini, jamani, tuzungumze." Kariuki alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Na huyu ni nani?" akauliza, kisha akamshika mdogo wake mkono, wakaondoka. Mchinjaji aliitwa kabla ya saa ya chai. Nyama ilikaushwa juu ya jiko, tukaila kwa siku nyingi, na ningependa kuandika kwamba sikuweza kuitia mdomoni. Niliila vizuri sana. Nilikuwa na njaa ya mtu anayechimba mashimo.

Baada ya hapo mambo hayakusimama. Mawe yalitupwa juu ya mabati mchana kweupe. Mbwa wa Gathogo akakutwa amekufa, mdomo umejaa povu, na Mama Nyambura siku hiyo aliimba nyimbo za kanisani tangu alfajiri hadi jioni. Kisha wanaume wanne wakamkamata Kimani kwenye kituo cha kuuzia chai, akiwa kwenye foleni na kikapu chake mgongoni. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikijaza mifuko ya udongo. Hawakumkimbilia, walitembea, wakamvua kikapu taratibu kana kwamba wanamsaidia, kisha wakaanza kwa rungu. Foleni ilisogea pembeni kuwapisha. Mpima uzito aliendelea kuita majina. Nilipofika Kimani alikuwa amelala juu ya majani yake mwenyewe, taya limeenda upande, akijaribu kusema jambo na kutoa mapovu mekundu. Hospitalini wakamfunga meno kwa waya, akawa anakunywa uji kwa mrija, na jikoni kwetu kukawa kimya. Kila nikikumbuka mwaka ule nakumbuka kwanza kimya hicho, mlio wa mrija kwenye sakafu ya kikombe, na Mama Nyambura akinoa panga huku anamwangalia mwanawe akimeza.

Mvua za Aprili zilipokuja, zilikuja kwa hasira ya kucheleweshwa. Mama Nyambura alikuwa amelima sehemu ya chini kupanda maharagwe. Jua lilipotoka kati ya mvua na mvua, ardhi iliyolimwa ikaanza kukauka na kupauka, ila sehemu moja. Mstari wa udongo mweusi ulibaki, upana wa hatua chache, ukikata mteremko kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, palepale picha ilipoonyesha. Gathogo aliuona kutoka kwake. Akashuka na picha yake ndani ya mfuko wa nailoni, akaiinua mbele ya majirani, kidole kikihama kati ya karatasi na ardhi. "Mnaona? Wameng'oa ua, wamelima, wamepanda maharagwe, lakini ardhi imekumbuka!" Majirani wakaona. Hata mimi nilikaribia kuamini. Wazee walieleza sababu, na ilikuwa sababu nzuri: ua mnene ukiishi mahali miaka, majani yake huoza na mizizi yake huoza, na udongo wa hapo huwa mweusi kama samadi. Chifu akasema atakuja na ofisa wa ardhi, na mbele yao jambo litakwisha.

Jioni hiyo nilimwambia Mama Nyambura kwamba ule weusi ni maji tu. Nilikuwa nimeshachimba shimo pale wakati wa kiangazi, na rangi yake ilikuwa sawa na ya juu. Mteremko ulikuwa unatoa maji mahali hapo, chemchemi dhaifu isiyotosha hata kujaza kikombe, lakini yenye kuulowesha udongo baada ya kila mvua. Ndege lazima ilipita baada ya mvua. Wakati huo ua wa kayaba ulikuwa umepandwa majuzi tu, miche mifupi kama vidole, nani angeiona kutoka mbinguni? Kilichoonekana ni maji. Mama Nyambura alinisikiliza bila kupepesa. "Unaweza kuonyesha mtu hiyo kitu? Si kusema. Kuonyesha." Nikasema naweza. Kimani, meno yamefungwa, akapiga meza kwa kiganja. "Kama hauwezi," mama akasema, "niambie sasa, mwanangu, nianze kuhamisha mabati. Kwa sababu wakisema ni ua, hiyo nyumba itachomwa kabla jua halijaingia."

Baraza lilikaa juu ya mstari wenyewe. Chifu na ofisa wa ardhi walipewa viti, wazee wakakalia magogo, na watu wengine wote wa mteremko wakasimama, wanaume wengi wakiwa na mapanga waliyosema wamekuja nayo kwa ajili ya kukata nyasi za ng'ombe. Gathogo alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alitokwa machozi alipotaja jina la mdogo wake. Kisha nikaitwa. Niliona jinsi suruali yangu ilivyotazamwa. Nikawaambia: kama weusi huu ni wa majani yaliyooza, udongo huu ukikaushwa utabaki mweusi, maana kuoza hakukauki. Kama ni wa maji, utapauka uwe kama wa pale juu. "Basi kausha," ofisa akasema, akitazama mawingu. Kimani alikuwa tayari amewasha moto kwenye mafiga. Nikaweka donge jeusi kwenye karai, tukangoja. Hakuna kitu kirefu kama kungoja udongo ukauke mbele ya watu wenye mapanga. Ulitoa mvuke, ukatoa harufu ya mvua ya kwanza, ukapasuka. Nilipoumimina juu ya gunia kando ya udongo wa juu, mzee mmoja aliinama, akauchanganya kwa kidole, akashindwa kuutenganisha tena. Mnong'ono ukapita.

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa na shahada, na nilitaka kuonyesha upande wa pili pia. Nikachota udongo mkavu wa juu, nikasema, "Sasa mtauona huu ukiwa mweusi," nikaumwagia kopo zima la maji. Niliumwagia mengi mno. Maji yalisimama juu yake, jua likayapiga, na udongo ukang'aa mweupe kama kioo usoni mwa chifu. Chifu akafumba macho. "Imekuwa nyeupe!" mtu akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko. "Msichana wa suruali, hiyo ni weusi ya kwenu Taita?" Gathogo alikuwa wa kwanza kuacha kucheka, alikuja mbele akasema kwa sauti ya chini, "Mumeona. Anacheza na macho ya watu." Nikahisi mapanga yakisogea, si haraka, kama nyasi zinaposogezwa na upepo. Nikasema ngojeni, maji yazame. Kipimo cha mwanga nilikishika mkononi lakini kilikuwa hakina la kusema kwa mtu yeyote pale. Tukangoja. Maji yakanywewa. Mng'ao ukavunjika vipande, ukatoweka, na chini yake udongo wa juu, wa upande wa Gathogo, ukawa mweusi sawasawa na mstari tuliosimama juu yake.

Ofisa wa ardhi alisimama akajipangusa suruali. Alikuwa anafungua mdomo wakati Gathogo alipochukua jembe. "Mizizi," akasema. "Maji haina mizizi. Mimi nilipanda hiyo ua na ndugu yangu, na hii mikono." Akaanza kuchimba. Nadhani alikuwa anaamini; mtu hawezi kuchimba hivyo kwa uongo. Alichimba mtaro kando ya mstari, matope yakimrukia usoni, akichagua kila uzi mweupe wa nyasi na kuutupa. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Maji yakaanza kujikusanya miguuni pake. Kariuki alishuka mtaroni. "Baba, wacha. Hakuna kitu." Gathogo hakusikia. Mama Nyambura ndiye aliyesikika, kutoka juu, akiwa amekunja mikono kifuani: "Chimba tu, baba Kariuki. Ukifika Ulaya utusalimie!"

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomaliza. Gathogo alitoka mtaroni kwa hatua moja, jembe juu ya kichwa, akimwendea Mama Nyambura. Yeye hakukimbia, alikuwa na panga chini ya shuka, nalo likatoka. Kariuki aliingia kati yao, amempa Mama Nyambura mgongo, akiwa ameinua mkono wa kushoto, na jembe la baba yake likaupata chini ya kiwiko. Niliusikia mfupa. Ulikuwa mlio mdogo, wa kawaida, kama kuni. Mkono ukaning'inia kwa ngozi na nyama, naye akauangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie. Kisha watu wote wakawa juu ya Gathogo, kwa ngumi na kwa bapa za mapanga, hadi askari wa chifu akapiga filimbi mara nyingi mno. Damu ya Kariuki ilimwagika juu ya mstari. Nilitazama, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kutazama, na sikuweza kusema damu ilipoishia na maji yalipoanzia.

Mama Nyambura aliangusha panga lake, akavua kitambaa chake cha kichwa na kuufunga mkono wa Kariuki kwa nguvu ya mtu anayefunga mzigo wa kuni. Tulimpeleka hospitalini Othaya kwa Landrova yetu, mimi nikimshikilia kiti cha nyuma. Alikuwa amepauka midomo. "Wewe," akaniambia. "Hakukuwa na ua? Hata kidogo?" Nikamwambia hakukuwa. Akafunga macho, nikadhani amezimia. "Na ile ng'ombe," akasema, "nilikata ya nini?" Nilikuwa na jibu lenye chembe na mwanga na utando wa maji. Nilimshika kichwa kisigonge dirisha.

Ua wa kayaba ukabaki palipokuwa, ofisa akatia muhuri wake, na mimi nikangoja kushukuriwa. Mkono wa Kariuki ulikatwa. Kila siku Mama Nyambura alikwenda hospitalini na chupa ya uji, pamoja na mke wa Gathogo, wanawake wawili ambao mwaka mzima sikuwaona wakisalimiana. Walipishana kubeba kikapu. Gathogo, uso umevimba, alianza kukaa jikoni kwetu jioni. Hakuna aliyesema neno juu ya ng'ombe wala taya wala mbwa. Nikiingia, walinyamaza. Halafu asubuhi moja Mama Nyambura aliniwekea nduma mezani, zaidi ya kawaida, na chai yenye maziwa mengi, akaketi mbele yangu.

"Mwanangu, utafute nyumba ingine."

Nikauliza nimekosa nini. Alionekana kuona aibu, na sikuwahi kumwona hivyo.

"Haujakosa. Ulisema ukweli, na mimi niko na shamba. Lakini mimi nitakufa hapa, na hao watu wa juu ndio watabeba sanduku yangu. Sasa wanasema taabu yote ililetwa na msichana wa serikali, na maji yake."

"Na wewe unasema nini, mama?"

"Mimi pia nasema hivyo." Akasukuma sahani karibu nami. "Kula. Wewe uko na gari, utaenda. Sisi hatuna pahali pa kwenda."

Nimekuwa na miaka mingi ya kumchukia kwa ajili ya maneno yale, na sijafanikiwa. Gathogo mwenyewe alinibebea masanduku ya mifuko ya udongo hadi kwenye Landrova, akayapanga vizuri, akanifungulia mlango kama mzee anayemsindikiza bibi harusi wa watu wengine. Kimani, meno yake yakiwa yamefunguliwa siku hiyohiyo, alinipungia mkono kutoka mlangoni bila kusogea. Dereva alikuwa anageuza gari nilipowasikia nyuma yangu uani. Gathogo alikuwa ananiiga: Kiswahili changu cha darasani, mikono yangu hewani, ngojeni jamani, ngojeni maji yazame. Na Mama Nyambura, ambaye mwaka mzima sikumsikia akicheka, alicheka hadi akakohoa, hadi mtu akampiga mgongoni, nao wakacheka pamoja. Dereva aliniuliza kama kuna kitu nimesahau turudi. Nikamwambia aendeshe.